Nafufua Massey Ferguson 135 ya marehemu baba, imelala miaka 14 na injini imeshika. Wenye uzoefu karibuni

MwanaKaratu

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Nipo Karatu, upande wa Endabash. Nyumbani kuna Massey 135 ambayo baba aliinunua mtumba mwaka 1984 kutoka shamba moja la kahawa kule Oldeani. Ndiyo iliyotusomesha watoto sita. Baba alifariki 2009, trekta likaegeshwa chini ya mgrevilea na halijawashwa tena mpaka leo. Wiki iliyopita walikuja wanunuzi wa chuma chakavu, wakampa mama bei ya kilo. Nimemwomba asubiri mpaka mvua za vuli. Nikishindwa, basi waje na mzani wao.

Hali ilivyo: matairi yamekaa chini, kiti kimeoza, betri haipo. Bomba la moshi liko wazi juu, kifuniko kilishapotea. Nimefunga spana kwenye puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kusukuma kwa nguvu zangu zote, haitikisiki. Jirani ana trekta kubwa, anasema tulivute likiwa kwenye gia litazinduka. Nimesita. Mnasemaje?

FundiDizeli_Mbeya

Mkuu, usithubutu kulivuta. Injini iliyoshika ukiivuta kwenye gia, uzito wa matrekta mawili unaishia kwenye konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki). Ringi zinakatika, konrodi inapinda, na kazi ya laki inageuka ya mamilioni. Nimeshapokea injini za namna hiyo gereji, na kila mara aliyeileta alikuwa ameshaivuta.

Toa nozeli zote tatu (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda). Kila silinda mimina nusu kikombe cha dizeli iliyochanganywa na ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki. Ongeza kidogo kila jioni kwa wiki nzima. Kisha rudi kwenye puli na spana ndefu, sukuma taratibu kwenda na kurudi. Ikisogea upana wa ukucha umeshinda, ila usiilazimishe imalize mzunguko siku hiyohiyo.

Jambo la pili: legeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), polepole, uangalie kinachotangulia kutoka. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Yakitangulia maji, tuambie ni kiasi gani.

Kijana_Iringa

Pole kwa kumpoteza mzee. Ila mimi nakushauri uuze. Spea, fundi, matairi, mwisho wa siku utakuwa umetumia hela ya kununua pawatila mpya na bado una trekta la miaka hamsini. Nasema hivi kwa sababu kaka yangu alianza kazi kama hiyo kwenye Ford, injini ikabaki vipande vipande ndani ya magunia mpaka leo. Usianze usichoweza kumaliza.

MamaShamba_Kitale

Salamu kutoka Kitale. Kijana wa Iringa, hoja yako ya magunia ni ya kweli kabisa, nimeona mengi ya hivyo. Lakini 135 si trekta la kuulinganisha na pawatila. Hapa kwangu inalima, inavuta trela la mahindi, inazungusha mashine ya kupukuchua. Silinda tatu, nguvu za farasi 45 na kidogo, na dizeli inainywa kwa kijiko. Ikiharibika, mwanangu wa kidato cha tatu anaweza kushika spana akanisaidia. Hakuna waya wa kompyuta hata mmoja.

Usiogope spea pia. Kiwanda cha Millat kule Lahore, Pakistan, kimeendelea kutoa Massey 240 zenye injini ya ukoo huohuo wa Perkins. Ndiyo maana pistoni na slivu (mabomba ya silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka) za trekta la 1969 unazikuta dukani mpya.

Mzee_wa_Basotu

Mwanangu, mimi nilikuwa karakana ya mashamba ya ngano Basotu, Hanang, enzi za NAFCO, shirika la kilimo la serikali, na Wakanada waliolifadhili. Kule tulikuwa na mitambo mikubwa, lakini 135 ndiyo iliyokuwa ikikimbizwa kila mahali: kupeleka dizeli, kuvuta maji, kuleta mbegu.

Nina swali moja kabla ya spana. Baba yako alikuwa na daftari? Watu wa umri wake waliokuwa na trekta waliandika. Litafute.

MwanaKaratu

Shikamoo mzee. Daftari lipo! Mama alikuwa amelihifadhi pamoja na hati za shamba. Ni daftari la shule la kurasa 96, baba ameandika kwa penseli. Nanukuu machache:

"Machi 1991. Krenki imekerezwa Arusha. Bearing 010. Slivu mpya na pistoni."

"Agosti 2003. Klachi mpya."

"Mei 2008. Hidroliki inapanda polepole ikishapata moto. Asubuhi nzuri."

Hayo ya mwisho, ya hidroliki inayonyanyua plau, sikuwahi kuyajua. Kuhusu oili: nimelegeza nati kama alivyosema FundiDizeli. Yametangulia maji, karibu lita mbili. Halafu oili nyeusi.

Mzee_wa_Basotu

Marahaba. Sasa umeshapata nusu ya jibu bila kununua kitu. Maji yameingilia bomba la moshi. Injini ikizimwa, lazima kuna silinda ambayo valvu yake ya ekzosti imebaki wazi. Mvua ya miaka 14 inashuka bombani, inapita kwenye hiyo valvu, inakaa juu ya pistoni. Silinda moja imeliwa na kutu, nyingine mbili huenda ni nzima. Maji mengine yamepenya kwenye ringi mpaka kwenye sampu.

Hayo ya hidroliki yaandike pembeni, tutayarudia. Kupanda vizuri asubuhi na vibaya ikipata moto ni ishara kubwa.

MwanaKaratu

Mrejesho, siku ya tisa. Imesogea! Kwanza upana wa ukucha, jana nusu mzunguko, leo asubuhi imezunguka yote. Nimefungua silinda hedi. Ni kama mzee alivyosema: silinda ya pili ina mkanda wa kutu wenye vishimo, ukipitisha kidole unavihisi. Ya kwanza na ya tatu zinang'aa.

Klachi nayo imegandana na flaiwili. Nikikanyaga pedali hakuna kinachoachia, kwa hiyo nafikiri lazima nitenganishe injini na gia boksi.

FundiDizeli_Mbeya

Hapo soma mara mbili mkuu, ni jambo la uhai. Trekta hili halina chesisi. Injini imefungwa kwa bolti kwenye gia boksi, gia boksi kwenye difu, na hivyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo. Ukizitenganisha, upande wa mbele unabaki umesimama kwenye ekseli ya mbele peke yake, na ekseli ile imeshikwa na pini moja katikati ili icheze. Injini itapinduka upande.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, chonga kabari mbili za mti mgumu, zigongee kati ya ekseli na sapoti yake, kushoto na kulia, mpaka ekseli isicheze kabisa. Chini ya gia boksi weka jeki na magogo, chini ya sampu vilevile. Matofali yasitumike, yanapasuka ghafla. Na watoto wasiwe karibu.

MwanaKaratu

Kabari nimechonga za mloliondo. Zimetengana salama, tulikuwa watu wanne. Injini sasa iko juu ya meza ya mbao stoo.

Nimefanya kosa, naliandika ili mwingine asilirudie. Kabla ya kufungua sampu nilishanunua seti nzima mjini: slivu tatu, pistoni, ringi, gasketi, na bearing za krenki. Bearing nilichukua za saizi ya kawaida kwa sababu muuzaji alisema ndizo zinazotoka. Wakati huo daftari la baba lilikuwa mezani kwangu, limeandika 010, yaani bearing nene za krenki iliyokwisha kukerezwa! Nimezijaribu, zinacheza. Ameshakataa kuzirudisha kwa kuwa pakiti imefunguliwa.

FundiDizeli_Mbeya

Pole. Lakini bado hujaharibikiwa. Ushauri wangu, krenki ikishatoka ipeleke ikakerezwe ifike 020, ununue bearing za 020. Utaanza upya na kila kitu kipya.

Mzee_wa_Basotu

Fundi, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Krenki haikerezwi kwa sababu imetoka. Inakerezwa kwa sababu imepimwa ikakutwa imeisha au imepoteza uduara. Kila ukikereza unakula thau 10 za chuma (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi) ambazo hazirudi, na mwisho wake ni 030. Baada ya hapo unatafuta krenki nyingine.

Mwanangu, tafuta karakana yenye maikromita, si kalipa ya kawaida. Pima kila jonali (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya bearing) mara mbili, kipimo cha pili ugeuze pembe mraba na cha kwanza. Jonali za konrodi zikiwa za asili ni inchi 2 na robo, ikipungua thau moja hivi. Ya kwako, iliyokwisha kerezwa mara moja, itakuwa pungufu ya hapo kwa thau 10. Ukiona vipimo viwili vya jonali moja vinapishana zaidi ya thau moja na nusu, Fundi yuko sahihi. Visipopishana, nunua bearing za 010 uirudishe.

FundiDizeli_Mbeya

Nimekuelewa mzee. Ni kweli, huku mjini tumezoea kukereza kwa mazoea. Apime kwanza.

MwanaKaratu

Nimepeleka Arusha, mtaa wa Unga Limited. Fundi amepima mbele yangu jonali zote, saba kwa jumla: nne za meni (zinazokaa kwenye bloki) na tatu za konrodi. Hakuna iliyopishana hata thau moja. Ile kazi ya 1991 imekaa kama ilivyofanywa. Wameipiga polishi tu. Bearing za 010 nimepata duka la pili nililoingia.

Slivu zilizokuwemo zimetolewa kwa presi na mpya zimeingizwa palepale. Nimejifunza kuwa injini hii inatumia slivu kavu, maji ya radieta hayaigusi slivu yenyewe, kwa hiyo lazima ikae imebana kwenye bloki. Ukimwona mtu anaigonga kwa nyundo, ondoka naye mbali.

Mbongo_Coventry

Wakuu, nimefuatilia uzi huu toka mwanzo nikashindwa kunyamaza. Naishi Coventry, Uingereza, mji ambao trekta hilo lilizaliwa. Kiwanda kilikuwa Banner Lane. Wakati wa Vita ya Pili kilitengeneza injini za ndege, na mwaka 1946 kikaanza kutoa Ferguson TE20, yale matrekta madogo ya kijivu, na yalitoka zaidi ya nusu milioni kabla ya 1956. Harry Ferguson, mwana wa mkulima kutoka Ireland Kaskazini, ndiye aliyeunganisha plau na trekta kwa pointi tatu zinazonyanyuliwa na hidroliki. Kabla ya hapo plau ilikuwa ikiburutwa nyuma kwa mnyororo au fito, ikigonga mwamba trekta linaweza kumpindukia dereva. Mikono ile mnayoiona nyuma ya kila trekta leo, la rangi yoyote, ni wazo lake.

135 ilianza kutoka 1964, na injini za Perkins zilitengenezwa Peterborough. Banner Lane ilifungwa, trekta la mwisho lilitoka mwishoni mwa 2002, na sasa pamejengwa nyumba za kuishi. Mzee mmoja jirani yangu alifanya kazi pale. Nilipomwonyesha picha ya injini ikiwa juu ya meza yako alikaa kimya kidogo, akauliza kama kweli bado yanalima.

Namba ya trekta uliyonitumia nimeilinganisha na orodha. Trekta lenu ni la 1969.

MwanaKaratu

Ahsante sana ndugu yangu. Mwambie mzee huyo likilima nitamtumia video.

Mrejesho mwingine. Injini imefungwa, klachi mpya, vimerudishwa pamoja. Tapeti (mwanya wa valvu) nimeweka thau 12 injini ikiwa baridi. Pampu ya dizeli, ile CAV ya kuzunguka, nilipeleka benchi pamoja na nozeli. Ndani ilikuwa na utando kama varnishi, dizeli ya 2009 ilikaukia humo. Kabla ya kuitoa niliangalia ule mstari uliochorwa kwenye flenji na mwenzake kwenye keisi, nikaurudisha palepale.

Leo nimeweka betri. Nikiwasha swichi, kimya. Staata haiiti hata kidogo. Waya nimekagua zote.

MamaShamba_Kitale

Ile lever ya hai na lo (ya kuchagua gia za kasi au za polepole) iko wapi? Iweke katikati. Trekta hili lina swichi ya usalama, ikiwa kwenye hai au lo staata haipati umeme. Mimi nilimlipa fundi umeme siku nzima kwa jambo hilo.

MwanaKaratu

Mama shikamoo na Mungu akubariki. Staata imezunguka.

FundiDizeli_Mbeya

Subiri kidogo kabla ya kuliwasha. Vuta kitufe cha kuzimia, izungushe kwa staata sekunde kumi kumi mpaka mshale wa oili upande. Bearing mpya hazitakiwi kuanza zikiwa kavu.

Kisha toa hewa. Kwanza bolti ya juu ya filta, pampu kwa mkono ile lever ndogo ya pampu ya kusukumia mpaka dizeli itoke bila mapovu. Lever ikiwa laini, haisukumi, kamshafti imeikamata: zungusha injini kidogo ujaribu tena. Halafu skrubu ya ubavuni mwa pampu ya CAV, halafu ya juu kwenye gavana (kidhibiti cha mizunguko ya injini). Mwisho legeza nati za nozeli zote tatu, piga staata mpaka zitoe dizeli, kaza.

Na mtu mmoja asimame na kipande cha ubao mbele ya mdomo wa hewa. Pampu iliyotoka kufunguliwa ikishika gavana, injini itapanda mizunguko bila kikomo, na kitufe hakitaizima. Ukiziba hewa itakufa.

MwanaKaratu

Limewaka. Saa nne kasoro asubuhi. Moshi mweupe mwingi dakika mbili tatu, kisha ukasafika. Ule mlio wa silinda tatu nilikuwa nimeusahau. Mama alikuwa bustanini, alikuja na jembe mkononi, akasimama pale mpaka nikalizima. Hakusema kitu. Mchana alimpigia simu mtu wa chuma chakavu.

Lililobaki ni hidroliki. Kama baba alivyoandika: baridi inanyanyua plau, baada ya nusu saa inashindwa. Watu wawili hapa wameniambia ninunue pampu mpya.

Kijana_Iringa

Hongera sana mkuu. Nafuta kauli yangu ya mwanzo.

Mzee_wa_Basotu

Usinunue pampu. Pampu hii ya Ferguson ina pistoni nne, inakaa ndani kabisa ya mafuta yaleyale ya gia boksi, haifi kirahisi. Mafuta yakiwa baridi ni mazito, hayapiti kwenye ufa mdogo. Yakipata moto yanakuwa mepesi yanavuja. Kwa hiyo kuna mahali yanavuja, na mahali hapo panaonekana kwa macho.

Kwanza, mafuta ya gia boksi yako rangi gani? Kama ni chai ya maziwa, maji yameingilia kwenye mpira wa gia lever. Yamwage yote, ni zaidi ya lita 30, uweke mapya. Kisha lima mpaka lipate moto, egesha, punguza mafuta, fungua kifuniko cha ubavuni. Mtu aache injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta na plau ikipandishwa, wewe mulika kwa tochi bila kuingiza mkono. Mafuta yatarukia kutoka palipokatika.

MwanaKaratu

Mafuta yalikuwa chai ya maziwa kweli, nimebadilisha. Nimemulika. Kuna bomba fupi linalosimama kati ya pampu na silinda ya kunyanyulia, pale linapoingia juu panarusha kama bustani inavyomwagiliwa. O-ringi zake mbili zimekuwa ngumu kama plastiki, moja imepasuka. Baba alikuwa na tatizo hili toka Mei 2008, na aliliandika sawasawa.

O-ringi mbili nimezinunua kwa bei ya soda. Plau inapanda ikiwa ya moto, inakaa juu, haishuki hata nikizima.

MamaShamba_Kitale

Na rangi? Tuonyeshe nyekundu!

MwanaKaratu

Boneti na madigadi nimepiga msasa na kupuliza nyekundu, injini na gia boksi kijivu kama yalivyotoka kiwandani. Usukani sijaugusa. Umelika upande mmoja, pale alipokuwa akishika kwa mkono wa kushoto huku akigeuka kuangalia plau.

Gharama nzima imekuja kidogo chini ya milioni 6, na karibu theluthi ni matairi. Bado oili sili ya ekseli ya nyuma kulia inavuja na kulowanisha breki, kwa hiyo trela sijafunga na barabarani sijaenda. Ila shamba la mama la ekari mbili limelimwa Jumamosi, mvua imenyesha Jumatatu. Mbongo, video nimekutumia kwa ajili ya yule mzee.

Mkulima_Sumbawanga

Nimesoma uzi wote usiku mmoja. Nina Massey 165 ya babu, imelala toka 2016, injini bado inazunguka kwa mkono. Sina hela kwa sasa, nafikiri nianze mwakani. Nianzie wapi?

MwanaKaratu

Bomba la moshi lina kifuniko?

Mkulima_Sumbawanga

Halina.

MwanaKaratu

Liko nje?

Mkulima_Sumbawanga

Nje, ndiyo. Na huku mvua zimeshaanza.

MwanaKaratu

Nenda sasa hivi na kopo la maziwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Lifunike, ulifunge. Hayo mengine ya mwakani tutakuwa pamoja hapahapa.